Shajara ya mradi: ukurasa wa wazazi, klabu ya kompyuta, Busia

Ninafundisha Kiswahili na TEHAMA katika shule ya sekondari mjini Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi wa miguu kutoka mpakani. Klabu yetu ya kompyuta ina wanafunzi 22 wa S.2 na S.3 (mwaka wa pili na wa tatu wa sekondari), na tunakutana Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mwaka huu nimetaka wajifunze kusanifu na kutengeneza tovuti kwa kumtumikia mtu wanayemjua. Tumechagua wazazi.

Kila muhula shule hutoa waraka wa karatasi wenye tarehe, karo na orodha ya vitu vya kubeba. Waraka huo hukabidhiwa mtoto. Ukifika nyumbani umeshakunjwa mara nane na kulowa jasho, na mara nyingi haufiki. Tunataka habari hizo ziwe kwenye simu ya mzazi, kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachowaunganisha Msamia, Mteso, Mganda na mwenzao wa ng'ambo ya mpaka wanapokutana sokoni.

Naandika kila hatua inapokwisha ili mwalimu mwenye maabara kama yetu aweze kuiga. Gharama zote ni shilingi za Uganda.

Jumamosi, 22 Februari 2025: mashine, na faili zinazojificha

Maabara ina kompyuta 20 na zinazowaka ni 11. Watu wawili kwa mashine moja: mmoja anaandika, mwenzake anasoma, na kila baada ya dakika 20 wanabadilishana. Mpango huo umefanya kazi tangu siku ya kwanza.

Kilichotuchelewesha ni Notepad, programu ya Windows ya kuandikia maandishi matupu. Kila aliyehifadhi faili lake kwa jina la `mwanzo.html` na kulifungua aliona msimbo mtupu badala ya ukurasa. Nilipoteza saa nzima nikikagua lebo moja moja, zile alama za HTML zinazoujenga ukurasa. Lebo zilikuwa sawa. Windows huficha mkia wa jina la faili, na Notepad ilikuwa imeongeza `.txt` mwishoni, kwa hiyo faili lilikuwa `mwanzo.html.txt` na hakuna aliyeona. Dawa yake: kwenye dirisha la kuhifadhi, chagua aina ya faili zote badala ya maandishi, kisha uiambie Windows ionyeshe mikia ya majina. Fanya hivyo kwenye mashine zote kabla wanafunzi hawajaingia.

Vichwa, aya, orodha, viungo na picha walivimaliza katika vipindi viwili.

Jumamosi, 1 Machi: bando lililokwisha kwa dakika 40

Nilitaka tuchore kwa Figma, programu ya kuchora kurasa ambayo inaendeshwa ndani ya kivinjari. Nikanunua bando la 15,000, nikawasha simu yangu iwe chanzo cha intaneti, mashine 11 zikaunganishwa. Baada ya dakika 40 bando lilikuwa limekwisha, na ni vikundi viwili tu vilivyofanikiwa kuifungua Figma.

Kompyuta zilikuwa zimekaa miezi bila intaneti. Zilipoipata, kila moja ilianza kupakua masasisho ya Windows, kimyakimya. Katika mipangilio ya mtandao kuna mahali pa kuitambulisha Wi-Fi kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, na ukifanya hivyo masasisho mengi husubiri. Sasa tumeweka alama hiyo kwenye kila mashine. Pia tumekubaliana kwamba mashine moja tu ndiyo itakayogusa intaneti, na faili zitahamishwa kwa flashi.

Hasara: 15,000. Na klabu imerudi nyumbani bila mchoro.

Jumamosi, 15 Machi: karatasi

Leo sikuwasha kompyuta hata moja, na ndiyo siku niliyoanza kufundisha usanifu kwa kweli. Wiki tatu nilikuwa nimewapa msimbo bila kuwapa sababu. Kurasa zao zilijaa maandishi mekundu juu ya kijani na vichwa vinavyokimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Walikuwa wanaipamba skrini, na hakuna aliyejiuliza nani ataisoma. Kosa hilo lilikuwa la mpango wangu wa somo.

Kunja karatasi ya A4 katikati mara tatu, uikunjue: utapata vyumba vinane, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa skrini ya simu. Dakika nane, michoro minane, kila mchoro uwe na wazo tofauti la ukurasa wa kwanza wa wazazi. Hakuna kufuta.

Michoro ya kwanza ya watu 22 ilifanana kama mapacha: picha ya geti, nembo, kaulimbiu ya shule, salamu za mkuu wa shule. Walichora tovuti za shule walizowahi kuziona. Kuanzia chumba cha tano, mawazo ya kuazima yalipokwisha, ndipo mambo yakaanza kutofautiana. Msichana wa S.2 alichora ukurasa wenye swali moja tu kubwa, "Shule inafunguliwa lini?", na jibu chini yake. Nilimwomba aubandike ukutani. Bado upo.

Gharama: rim moja ya karatasi 20,000, penseli na kalamu za wino mzito 14,000.

Jumamosi, 29 Machi: sokoni, na swali lisilo na faida

Tulikwenda soko la Busia tukiwa vikundi vinne. Siku haikuwa nzuri, kwani Idi ilikuwa mlangoni na kila muuzaji alikuwa na wateja watatu mbele yake. Ukitaka kuongea na wafanyabiashara, usiende karibu na sikukuu.

Shida kubwa ilikuwa swali letu. Vikundi vyote vilianza hivi: "Mama, ungependa shule iwe na tovuti ya wazazi?" Kila mzazi alijibu ndiyo, vizuri sana, Mungu awabariki. Baada ya nusu saa tulikuwa na ndiyo kumi na mbili na hatujajua lolote. Mtu mzima akiulizwa na mtoto aliyevaa sare kama anapenda kitu alichokihangaikia, atasema ndiyo. Ni adabu tu.

Nikawakusanya chini ya kibaraza, tukaandika swali upya, wakarudi kwa wazazi walewale 12: "Mara ya mwisho ulipotaka kujua siku ya kufungua shule, ulifanyaje?" Hapo daftari zikajaa. Mama anayeuza mukene (dagaa) alisema humwuliza mtoto wa jirani. Baba mmoja alipanda boda hadi getini kwenda kumwuliza askari, kwenda na kurudi 4,000. Wawili walimpigia mwalimu wa darasa, na mmoja wao alipiga mara tano kwa sababu mwalimu alikuwa kipindini. Mama wa mitumba alimleta mwanawe siku moja kabla, mlango umefungwa, wakarudi na godoro kichwani.

Kati ya wazazi hao 12, tisa wana simu ya kugusa na watatu wana katochi, yaani simu ndogo ya vitufe. Hao watatu nitawarudia.

Gharama: 12,000. Tulinunua nyanya na vitunguu kwa wale tuliowachukulia muda wao. Hii ndiyo njia yetu ya kushukuru, naipendelea kuliko kuwapa pesa.

Jumamosi, 12 Aprili: toleo la kwanza laenda hewani

Kurasa nne, HTML na CSS (lugha ya kupanga rangi na sura ya ukurasa) peke yake, zimewekwa kwenye GitHub Pages, ambako kurasa zisizobadilika huhifadhiwa bure. Akaunti ni yangu, wanafunzi wanatuma kazi kupitia mashine moja yenye intaneti. Umeme ulikatika saa nane mchana, tukawasha jenereta ya shule kwa lita mbili za petroli.

Kwenye kompyuta kila kitu kilikuwa kizuri. Kwenye simu yangu mambo matatu yaliharibika.

Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za wimbi. Tulisahau mstari wa `viewport`, ule unaoiambia simu itumie upana wake wenyewe. Mstari mmoja, dakika moja.

Picha ya geti haikuonekana. Faili liliitwa `Geti.JPG`, nasi kwenye msimbo tuliandika `geti.jpg`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva inajali. Tangu leo majina yote ya faili ni herufi ndogo, bila nafasi. Picha yenyewe ilikuwa na uzito wa MB 3.8, moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Tuliipunguza upana hadi pikseli 800 ikashuka hadi KB 70.

La tatu liliwauma zaidi. Mahali tulipoandika "ng’ambo ya barabara" simu ilionyesha `ngâ€™ambo`. Mvulana aliyeuandika ukurasa huo aliuangalia kwa muda, akaniuliza kama intaneti haijui Kiswahili. Nikamwambia inakijua, sisi ndio hatukuitambulisha. Maneno yalinakiliwa kutoka Word, ambayo hubadilisha ritifaa yetu (') kuwa alama iliyopinda, na ukurasa haukutaja kwamba umeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, basi kivinjari kikabahatisha. Tuliongeza `charset="utf-8"` juu kabisa ya kila ukurasa, tukahakikisha Notepad nayo inahifadhi kwa UTF-8. Tukiwa hapohapo tukagundua kiolezo tulichonakili kilisema `lang="en"`, yaani ukurasa ni wa Kiingereza. Tukaweka `lang="sw"`. Programu inayomsomea asiyeona huchagua sauti kwa kutazama herufi hizo mbili, kwa hiyo si pambo.

Gharama: bando 15,000, petroli 10,500.

Jumamosi, 26 Aprili: wazazi watano, na mikono ya wanafunzi

Jaribio la kwanza na watumiaji. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo, na kwamba ni afadhali kujaribu mara nyingi na watu wachache. Kwa klabu yenye mfuko kama wetu ushauri huo ni neema.

Kazi tulizowapa ni tatu: tafuta siku ya kufungua muhula wa pili, tafuta siku ya kutembelea watoto, tafuta vitu anavyotakiwa kubeba mwanafunzi wa bweni.

Mzazi wa kwanza hatukumpima. Mara tu kidole chake kilipositasita, wanafunzi watatu walisema kwa pamoja, "Bonyeza hapo juu, mama!" Akabonyeza, akafaulu, nasi tukabaki hatujui angefanya nini peke yake. Wanafunzi wangu wamelelewa kumsaidia mkubwa anapokwama, na ni malezi mema. Nilipaswa kuwaeleza mapema kwamba kwa dakika tano hizi msaada wao ni kunyamaza. Mpango tuliobaki nao: mmoja tu anakaa na mzazi, ameshika daftari kwa mikono miwili, mwingine anasimama nyuma akiandika kila kidole kinapogusa, wengine wanakaa mbali. Na kabla ya kuanza tunasema: "Mama, hatukujaribu wewe, tunaujaribu ukurasa. Ukikwama, kosa ni letu."

Wanne waliobaki, mmoja tu ndiye aliyepata siku ya kutembelea watoto. Habari hiyo ilikuwa ndani ya menyu, na menyu ilikuwa imefichwa chini ya vile vistari vitatu vya pembeni. Kwetu vistari vitatu ni menyu. Mama wa mukene aliviona akadhani ni mapambo. Alibonyeza nembo ya shule mara nne, kisha picha ya geti, kisha akanirudishia simu na kusema, "Mwalimu, geti nimeliona, lakini halifunguki."

Sentensi hiyo tumeiandika juu ya ubao wa klabu.

Gharama: 16,000, ya manunuzi kwenye vibanda vyao.

Jumamosi, 14 Juni: kujenga upya kwa maneno ya sokoni

Muhula wa pili umeanza. Tumeitupa menyu na picha ya geti. Ukurasa wa kwanza sasa una vitufe vinne vikubwa, na kila kitufe ni swali tulilolisikia sokoni: Shule inafunguliwa lini? Abebe nini? Pesa ni ngapi na nalipa wapi? Nimpigie nani? Kila kitufe kina urefu wa pikseli 48, kwa sababu kidole cha mtu anayepima unga hakina muda wa kulenga. Mchoro wa msichana wa S.2 ndio msingi wa yote haya.

Msimbo ulichukua siku moja. Maneno yamechukua Jumamosi mbili.

Neno la pesa za shule lilituzungusha. Kamusi inatupa ada na karo. Tuliandika "ada", na wazazi watatu kati ya sita tuliowauliza walidhani ni malipo mengine ya ziada. "Karo" ilieleweka vizuri na wale wenye ndugu Kenya. "Fizi" ilieleweka na wote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na napenda watoto wakue na neno karo. Lakini mzazi anapotafuta mahali pa kulipa si wakati wa kumfundisha msamiati. Kitufe kinasema "Pesa", na ndani mstari wa kwanza unasema "Karo, yaani fizi za muhula". Wanafunzi ndio waliopendekeza, nami nakubali kabisa.

Sasa la saa. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu nilikuwa nimesoma ukurasa ule zaidi ya mara kumi bila kuliona. Waraka wa shule, ulioandikwa kwa Kiingereza, unasema wageni waingie 9:00. Wanafunzi wakatafsiri: "Wageni wataingia saa 9:00." Tulipomwonyesha baba mmoja wa boda, alifurahi: "Basi nitabeba abiria hadi mchana, halafu nije." Mwanafunzi aliyekaa naye alikunja uso, kisha akaelewa, kisha akanitazama. Kwa Kiswahili saa tisa ni alasiri. Baba alisoma kwa usahihi kabisa, na angefika saa sita baada ya wageni kuanza kuingia, pengine mtoto wake akiwa amekaa peke yake chini ya mwembe siku nzima. Kwa Luganda nako ni hivyohivyo, ssaawa ssatu ndiyo ile ambayo simu inaiandika 9:00. Kosa letu lingemkosesha kila mtu anayehesabu saa kama sisi.

Tukaandika kwa maneno: "saa tatu asubuhi". Jaribio la haraka likaonyesha kwamba vijana wachache wanaotegemea simu walitaka kuona tarakimu pia, basi chini yake kuna mstari mdogo: "Simu yako itaonyesha 9:00." Kila saa kwenye tovuti inafuata mtindo huo, na sehemu ya siku hutajwa kila mara: asubuhi, mchana, jioni.

Na shilingi. Wapo wazazi wa ng'ambo ya mpaka. Tuliandika pesa za chakula kuwa "Sh 35,000", na mama mmoja wa upande wa Kenya akashtuka, kwani kwa shilingi za kwao hiyo inakaribia milioni moja ya Uganda. Sasa kila kiasi kinasema "shilingi za Uganda", hata pale inapoonekana kurudia.

Jumamosi, 28 Juni: simu ya klabu, Opera Mini na jua

Simu yangu ni nzuri kuliko za wazazi wengi, kwa hiyo ilikuwa inatudanganya. Tumenunua simu ya mkono wa pili sokoni kwa 130,000, yenye skrini ndogo na ufa pembeni. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ningeinunua mwezi wa kwanza kama ningejua.

Ilikuja na Opera Mini, kivinjari ambacho wazazi wengi hukipenda kwa sababu hubana data. Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa haupikwi kwenye simu. Seva za Opera huuandaa, huukandamiza, kisha huutuma. Kijana mmoja wa S.3 alikuwa ameongeza JavaScript (msimbo unaoufanya ukurasa utende kitu) nzuri iliyofanya orodha ya vitu ifunguke na kufungika kwa kubonyeza. Kwenye Chrome ilipendeza. Kwenye Opera Mini orodha ilibaki imefungwa, na mzazi angeona kichwa cha habari bila habari. Aikoni tulizoziweka kupitia fonti zilikuwa visanduku vitupu. Mstari wa namba ya simu tulioubandika chini ya skrini haukubandika.

Tulijadiliana sana. Kijana alitaka tuwaambie wazazi watumie Chrome. Nilimwomba aeleze jinsi atakavyomwambia mama wa mukene abadilishe kivinjari, kwa bando la nani. Alikaa nalo wiki nzima, akarudi na suluhisho lake mwenyewe: kila orodha iwe ukurasa wake, iunganishwe kwa kiungo cha kawaida, aikoni zibadilishwe kuwa maneno. JavaScript imeondoka yote. Namba ya ofisi sasa ni kiungo cha `tel:`, ukikigusa simu inapiga. Ukurasa mzito kuliko yote una KB 38.

Rangi za shule ni njano na buluu. Vichwa vya njano juu ya nyeupe vilionekana ndani ya maabara, lakini mchana sokoni havikusomeka. Tulipima kwa zana za Firefox: uwiano wa njano yetu na nyeupe ulikuwa 1.4 kwa 1, na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi sasa ni buluu iliyokolea, njano imebaki mstari mwembamba juu. Pima nje, juani. Hatutapima tena ndani peke yake.

Gharama: simu 130,000, bando 15,000, petroli 10,500.

Jumamosi, 5 Julai: majina

Hili lilinikosesha usingizi na naliandika jinsi lilivyokuwa.

Wawili wa S.3 walitengeneza ukurasa ambao mzazi angechagua jina la mtoto na kuona salio la karo. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wamesikia wazazi wakiulizia salio, wakataka kutushangaza. Ili kuujaribu waliandika majina halisi ya wenzao 48 wa darasani, wakaweka na madeni ya kubuni. Jana saa nane mchana kazi ilitumwa hewani pamoja na nyingine. Niliiona saa moja jioni, nikiwa nyumbani.

Madeni yalikuwa ya kubuni, lakini jirani anayesoma hawezi kujua hivyo. Angeona jina la mtoto wa fulani na kiasi anachodaiwa.

Nilifuta faili papo hapo. Halafu nikakumbuka kwamba Git, programu inayotunza kazi yetu kwenye GitHub, huweka kila toleo la nyuma, na hazina yetu, yaani ghala la faili zetu huko, ilikuwa wazi kwa umma, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kurudi hatua moja na kuyaona majina yote. Kulifuta faili hakutoshi. Nilifuta hazina nzima, nikafungua mpya, nikapandisha kurasa safi kutoka kwenye flashi. Ikiwa wewe ni mgeni katika Git, kumbuka hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Jumatatu asubuhi nitamweleza mkuu wa shule. Leo nimekaa na klabu kwa kipindi kizima, tumesoma Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inavyowalinda watoto, na tumeongea kuhusu jinsi kila mmoja angejisikia. Wale wawili walikuwa na aibu kubwa. Niliwaambia mbele ya wote kwamba wazo lao lilitoka kwa wazazi na msimbo wao ulikuwa safi, na kwamba mimi ndiye niliyewapa ufunguo bila kuweka mlinzi.

Kanuni mpya: hakuna kitu kinachokwenda hewani bila mwalimu na mwanafunzi mmoja asiyekiandika kukisoma. Majina yote ya majaribio ni ya mazao: Mtama, Wimbi, Muhogo, Kunde. Ukurasa wa salio tumeuacha. Mzazi atapiga simu kwa mhasibu.

Jumamosi, 19 Julai: wazazi watano wengine

Kazi zilezile tatu, simu ya klabu, kivinjari cha Opera Mini, nje ya kibanda, juani. Wote watano walipata siku ya kufungua. Wanne walipata siku ya kutembelea watoto, na wote wanne walitaja saa tatu asubuhi bila kusita. Wa tano aliitafuta chini ya "Nimpigie nani?", jambo ambalo lina mantiki yake, na sasa siku hiyo imetajwa pia kwenye ukurasa huo.

Orodha ya vitu vya bweni bado ina tatizo. Tuliipanga kwa alfabeti, na wazazi waliisoma yote wakitafuta godoro. Tuliwapa vijikaratasi vyenye jina la kitu kimoja kimoja, tukawaomba wavipange wanavyoona. Watatu walivipanga kwa kufuata mahali pa kununua: vya dukani, vya kwa fundi, vilivyopo nyumbani. Sisi tusingeliwaza hilo hata tungekaa mwaka. Orodha inapangwa upya hivyo.

Wanafunzi walikaa kimya muda wote. Mmoja alikuwa ameuma kalamu.

Gharama: 14,000.

Jumamosi, 9 Agosti: jumla ya pesa, na wenye katochi

Tangu Februari tumetumia 281,000. Simu peke yake inakaribia nusu. Anayeanza na simu ya kuazima na upande wa nyuma wa karatasi za mitihani ya zamani anaweza kufika tulipofika kwa chini ya 150,000.

Wale wazazi watatu wa katochi bado hawakuwa na chochote. Kikundi cha S.2 kilichukua maswali yetu manne na majibu yake, maneno yaleyale ya kwenye tovuti, wakayaweka kwenye karatasi moja ya A4 kwa herufi kubwa. Tulibandika tatu: kwenye mashine ya kusaga, kwenye kituo cha boda na kwenye kibanda cha mama wa mukene. Ndani ya wiki mbili ile ya kwenye mashine ya kusaga ilikuwa nyeupe kwa unga, na ya kituo cha boda ilinyeshewa ikaanguka.

Tumechapa nyingine tatu na kuzifunika kwa plastiki, jumla 9,000. Tarehe za muhula hazikuchapwa. Nafasi yake iko wazi, tunaandika juu ya plastiki. Wino wa kalamu ya ubao mweupe ulifutika kwa kuguswa siku ya pili tu, kwa hiyo tunatumia kalamu ya wino wa kudumu, na ukitaka kubadilisha unaufuta kwa spiriti. Wasichana wawili wa S.2 hupita kituo cha boda kila siku wakienda nyumbani. Wao ndio waliokabidhiwa kalamu na kichupa.